Daftari la Nondo

Kazi yangu kulinda nondo,
za milimita kumi na mbili, za kumi na sita,
zilizolala chini ya turubai
kiwanjani, penye skuli mpya ya Konde.
Usiku nazihesabu kwa tochi.
Asubuhi naandika: zimo mia mbili na arubaini,
na Kombo wa stoo anatia saini.

Usiku mmoja wa vuli, mvua imekatika,
taa ya lango inawaka peke yake,
akaja mwengine.
Aligonga balbu kama mtu
anayebisha hodi nyumba aliyokwisha kuihama,
kisha akatua ukutani, kwenye plasta mbichi,
akajitandaza.

Nikampima kwa mkono:
shubiri yangu nzima, na ncha ya bawa ikabaki.
Rangi yake, niisemeje?
Karafuu ya siku ya pili jamvini,
wekundu umeshaondoka, weusi haujafika.
Pembezoni mstari mweupe, mwembamba,
kama chumvi iliyokauka kwenye fulana ya mchukuzi.
Bawa la juu lina kidirisha;
nilichungulia humo nikaiona plasta.
La chini kalificha.
Nikampulizia, akalifunua:
macho mawili, kiini cha yai, yamepakwa wanja,
na mimi, mlinzi, rungu mkononi,
nikarudi nyuma hatua mbili.

Mize wa nyumba ya pili, darasa la sita,
alikuja kumwona kabla ya chuoni.
“Huyo hana mdomo, mzee Shaame.
Kala alipokuwa kiwavi. Sasa anaishi kwa akiba.”
Nikacheka. Nikamulika. Kweli hana.
Maisha yangu yote naambiwa mdomo huponza kichwa;
huyu kauvua kabisa,
na siku zake hazijazi viganja viwili.

Daftarini niliandika:
Nondo mmoja ameingia saa tano usiku. Hajatoka.
Mhandisi kutoka Wete, kalamu nyekundu,
akaikata a, akaweka i.
Nondo moja imeingia.
“Iko wapi?”
Nikamwonyesha ukuta.
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
“Kwetu hawapo hawa,” akasema.
Walikuwapo?
Akatia saini.

Tangu siku hiyo vocha zangu naziharibu.
Shemeji, Makangale: wapo, kila mvua,
watoto huwafagia barazani asubuhi.
Faki, Tumbe: mara moja tu, taa ya msikiti.
Micheweni, kule kwenye mawe: hajulikani.
Chake: “Nondo? Bei gani sasa?”
Mkoani simu imezimwa.
Mwanangu yuko Unguja, anasema Jozani wapo tele,
lakini mwanangu hukubali kila kitu
ili simu ikatike.

Mize kachora kisiwa kwenye mfuko wa saruji,
katia nukta za mkaa.
Zimesongamana kaskazini, ubavuni mwa Ngezi,
kama ndoo kwenye bomba moja linalotoa maji.
Moja imejitenga, Mtambwe, kwa dada yangu.
Pale pana nini? Mashamba, mihogo, njia ya baiskeli.
Nilikaa nayo siku mbili
ndipo nikaukumbuka ule mvule wa makaburini,
peke yake,
ambao msumeno uliuonea haya.

Basi hii si ramani ya nondo, nikamwambia Mize.
Akaniuliza ni ya nini.
Nikasema kamalize hesabu zako.

Nondo zangu zimeshatiwa zege.
Haziibiki tena, wala hazionekani,
na mwisho wa mwezi sina cha kulinda.
Yeye usiku wa nne hakuwapo.
Pamebaki unga kidogo ukutani, wa hudhurungi,
na fundi rangi ananiuliza
mbona nimemzuia kupaka shubiri moja.

Nikafungua ukurasa wa mwisho.
Ametoka. Hakuaga.
Hiyo a nikaikoza mara mbili.